Diski Mbili, Kompyuta Moja

Pale Tumbi, kituo chenye shule na mradi wa kuku, kompyuta ilikuwa moja na watumiaji wawili: mimi, niliyetolewa stoo ya chakula cha kuku kwa kuwa nilijua kupiga chapa, na mwalimu mmoja, mama wa kutoka bara, aliyejumlisha alama za mitihani. Yeye alikuwa msomi. Mimi niliishia darasa la nane. Diski nayo ilikuwa moja. Programu zangu na zake zilikaa humo humo, na vipande vya programu vya kupigia hesabu tulivyovihitaji sote tulivitumia kwa pamoja, kama kisima.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba vifaranga wa akina mama wa Visiga, tuliowapimia chakula cha kuku, wanakunywa maji mfululizo na wengine wamekufa. Nikaiambia kompyuta ichape upya mchanganyiko wao wa chakula. Chumvi, iliyopaswa kuwa nusu kilo, ikatoka kilo nzima. Programu yangu sikuwa nimeigusa. Nikafungua kile kipande cha pamoja cha kupunguza desimali: kimebadilishwa, kila nusu inapandishwa kuwa moja.

Mwalimu nilikuwa namshuku tangu zamani. Nikiingia, alifunika karatasi zake. Labda ilikuwa mitihani tu.

"Mwalimu, umekigusa hiki?"

"Nimekigusa. Mwanafunzi hapewi nusu alama."

"Na kuku je?"

"Kaka, kuku wako nao wanafanya mtihani?"

Sikucheka. Mkuu wetu alishasema aliyeharibu kwa makusudi ataondolewa kwenye mashine. Nikaenda kumwomba mkuu kila mtu awe na diski yake, yenye nakala yake ya vipande vyote, na awashe mashine kwa diski hiyo.

"Wewe wa stoo, ubepari umeuanza lini?" mkuu akaniuliza. "Mali ya umma mnataka kuijengea ukuta katikati?"

Ila diski ya pili aliitoa, kabatini alikoifungia. Madukani Dar hazikupatikana. Nikanakili kila kitu, mwalimu pembeni akifuata kila kitufe ninachobonyeza. Tukajaribu. Yeye akapandisha nusu zake, mimi nikawasha kwa diski yangu: chumvi nusu kilo.

Kisha mkuu akaniita peke yangu. "Alikusudia?"

Nikakumbuka zile karatasi zinazofunikwa. Nikakumbuka pia kwamba hakuna aliyewahi kumweleza kuwa chakula cha kuku kinategemea kipande kile.

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Sijui kwa kweli."

Akaniangalia, akaguna, akaniruhusu. Mwalimu hakuondolewa.

Nilimkuta bado amekaa mbele ya mashine. "Umemwambiaje?"

"Kwamba sijui kama ulikusudia."

"Hujui." Akanigeukia. "Tumekaa chumba kimoja muda wote huu, kaka, na hujui."

Nilidhani nimemtendea haki. Hata leo nadhani hivyo, ingawa siku nyingine sina hakika. Alitoa diski yake, akaitia mkobani, akaenda nayo nyumbani. Ikawa ndiyo desturi yake. Yangu niliendelea kuiacha mezani, halafu nami nikaanza kuondoka nayo.