Rangi ya Maji Yafika Bisil

Safari hii ilianzia kliniki. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na nesi aliponisogelea kunipima alirudi nyuma akikunja pua.

"Mama Akinyi, hiyo harufu ni ya nini?"

Nikamwambia ni thina, dawa kali tunayochanganya na rangi ya magari. Mimi ni fundi wa kupulizia rangi Kitengela. Hakuzunguka maneno. "Mtoto naye anaivuta. Acha hiyo harufu ama uache hiyo kazi."

Kazi sikutaka kuiacha. Niliipenda, na wanaume wa barabara nzima ya gereji walikuwa wamechoka kunishangaa. Enzi hizo, simu za mkononi zikiwa bado zinafungwa kiunoni kwa majivuno, duka moja la Nairobi lilikuwa limeanza kuuza rangi ya magari inayochanganywa na maji tu. Nikanunua makopo mawili ya buluu. Wateja wakanicheka. "Ya maji? Mvua ikinyesha si itabaki kwa lami?" Wiki tatu zikapita bila hata mmoja kukubali, nami nikaanza kuuliza bei ya kuuza vifaa vyangu.

Ndipo Mama Hafsa akapiga simu. Anauza mbuzi Bisil, na pikapu yake nilikuwa nimeinyoosha bodi na kuipiga msasa kitambo, ikabaki kungoja rangi. "Kuja uipake hapa kwangu, nione na macho yangu. Kesho kutwa ni mnada. Ikikataa, soko yote itajua." Nilielewa vizuri. Ikishika nimepata wateja, isiposhika ninafunga gereji.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Kitengela nikiwa nimeketi kando ya dereva wa lori la mawe ya kujengea, makopo yangu miguuni. Baada ya Isinya uwanda ulifunguka pande zote, nyasi kavu na twiga wawili wakitutazama kama wenye shamba. Kajiado mjini tulisimama kunywa chai. Nilikula mandazi manne na sikuona aibu.

Saa nne Bisil. Upepo mkavu, jua kali, vumbi la kutosha kaunti nzima. Mama Hafsa alinipokea kwa mikono miwili, akaangalia tumbo langu, akasema, "Huyu ndiye tajiri wa kazi? Karibu, mama." Tulimwaga maji chini kutuliza vumbi, tukaazima pampu ya hewa ya fundi wa matairi, nikafunika vioo kwa magazeti. Nilivaa barakoa yangu na kuanza. Rangi ilitoka laini, na harufu yake ilikuwa kidogo sana. Nilifurahi hadi nikaimba.

Saa nane nilikuwa nakula wali na nyama ya mbuzi kwa Mama Hafsa, milango ikikauka nje. Hapo nilikosea. Thina ilikuwa imenizoesha vibaya: gari likinuka, mnyama hakaribii. Sikufikiria kuweka mlinzi.

"Mama! Mama wa rangi!"

Aliyeita ni Parsaloi, mfugaji aliyekuwa ameleta ng'ombe mapema kwa ajili ya mnada. Nilitoka mbio. Ndama wake alikuwa amelamba mlango wa dereva kutoka kitasa hadi chini, na sasa alisimama akituangalia, ulimi wa buluu ukining'inia.

Nilimshika ndama kichwa. "Amekunywa nyingi?"

"Amelamba tu. Lakini akikufa?"

Tulimwosha ulimi, tukampa maji, tukakaa kumwangalia. Baada ya muda akamfuata mama yake, akanyonya, akarusha miguu ya nyuma. Parsaloi akacheka wa kwanza, kisha sisi sote tukacheka mpaka nikashika tumbo. Mlango nao nilidhani umenila siku nzima, maana rangi ya zamani ingenirudisha kwenye msasa mwanzo hadi mwisho. Hii ilikuwa bado mbichi. Nilipangusa palipolambwa kwa kitambaa chenye maji, nikaacha pakauke, nikasugua kidogo, nikapuliza tena. Safari hii nilikaa pale pale na fimbo mkononi.

Asubuhi ya mnada, habari ya ndama ilikuwa imetangulia. Watu walikuja kuona ulimi, wakabaki kuangalia pikapu. "Sopa!" walinisalimu kwa Kimaasai, nami nikajibu "Epa!" kwa sauti ndogo. Mama Hafsa alikuja na ndoo nzima ya maji, na Bisil maji si ya kuchezea. Akaimwaga juu ya boneti. Kisha akachukua pembe ya shuka yake nyeupe, akasugua kwa nguvu zote, akaigeuza juani.

Nyeupe.

"Haitoki!" akapiga kelele. "Haki ya Mungu, haitoki! Sasa lori langu utapaka lini?"

Nilirudi Kitengela jioni hiyo, nikiwa na majina sita kwenye daftari. Nilijifunza kwamba mteja haamini mdomo wa fundi, anaamini kitambaa chake. Na kwamba kwa rangi isiyonuka lazima ufunge kamba kuzunguka gari. Lori la Mama Hafsa nililipaka upande wa kushoto kabla ya kujifungua na wa kulia baadaye, naye hakulalamika. Katikati hapo alizaliwa msichana. Alitoka akilia kwa kifua kizima, wodi yote ikageuka, na mimi nikalia naye kwa furaha.