Maharage Kumi na Moja

Uhuru ulitukuta kwenye matope. Wenzangu husimulia bendera na ngoma. Mimi nikiulizwa nasema mvua, na wanaouliza hukunja nyuso. Basi wakunje. Mvua ile haikujua kukatika. Ziwa likavimba, likapanda ufukwe wa Kirumba leo hatua moja, kesho mbili, mpaka watu wakawa wanafunga mitumbwi yao kwenye mipapai yetu.

Baba alifariki mvua zilipoanza. Alizikwa kwenye makaburi madogo ya Waislamu yaliyokuwa chini ya nyumba yetu, karibu na maji. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna kutoka. Na kwa kuwa kwetu wanawake hawafuati jeneza, kaburi la mumewe alikuwa hajalitia machoni. Aliniambia, "Siku nitakayotoka, kabla ya kula, kabla ya kumsalimu mtu, nitakwenda kwa baba yako."

Mama hakusoma. Alinihesabisha maharage mia na thelathini, akayatia kwenye kopo la samli, na kila alfajiri baada ya sala alitoa moja akaliweka kwenye bakuli. Mwezi angeutazama wapi, na mbingu imeziba?

Majirani wakahama mmoja mmoja kwenda juu mlimani, kwenye mawe. Ukuta wetu wa udongo ukaanza kulowa kutoka chini. Baba mdogo akaja na mkokoteni, akasema, "Shemeji, toka. Dini haikutaki ufe." Alikuwa amemleta na shehe, mzee wa watu, akasimama mlangoni maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaeleza kwamba dharura inaruhusu. Mama akajibu nyuma ya pazia, "Shikamoo, shehe. Ahsante kwa kuja. Sitoki."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hasira nilikuwa nazo za kuuza. Walipoondoka nikamwuliza kama anataka tufe wote wawili kama panya. Ndipo akanieleza. Yeye alikuwa Msukuma wa upande wa Bujora, alisilimu siku ya ndoa, na miaka yote ukoo wa baba ulimwita Mwislamu wa pilau.

"Nikitoka leo watasemaje? Maji ya kifundo tu, keshaikimbia eda ya ndugu yao! Hapana, ng'wana wane. Hii nitaimaliza."

Yalikuwa yamebaki maharage kumi na manne.

Alasiri ile ile jiko letu lilianguka, pu! lote, na mbuzi ndani. Mama alikuwa chumbani anasali. Nilisimama kwenye matope nikiitazama miguu ya yule mbuzi, nikajua chumba kile nacho hakina siku kumi na nne. Nikaingia, nikachukua kopo. Nilitoa maharage kumi na moja, nikayafunga kwenye pindo la khanga yangu.

Alfajiri alitia mkono, akapapasa.

"Yamekwisha hivi?"

"Siku zinakwenda, mama."

"Haya. Wewe ndiye uliyeyahesabu," akasema, akaniamini.

Siku ya tatu akaoga, akavaa khanga ya bluu aliyonunuliwa na baba, akatoka nje, maji magotini. Alikuwa amekonda, na mwanga ulimwumiza macho. Akasema, "Nipeleke kwa baba yako." Vijiti vya makaburini vilikuwa bado vinaonekana, ingawa njia ilikuwa maji ya kiuno. Baba mdogo alikuwa anapiga kelele, mkokoteni umeshapakiwa, wingu jeusi linakuja. Nami nikasema, si mwingine, ni mimi, "Kesho, mama. Baba haendi popote."

Nyumba yetu ilianguka jioni ile ile. Hilo nalisema ili ijulikane.

Kulipokucha, kwenye chumba cha kupanga kule juu, mama alichukua nguo akafue. Akafungua pindo la khanga yangu. Aliyapanga yale maharage juu ya mkeka, akayahesabu. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alivua khanga ya bluu, akavaa nguo nyeupe iliyokuwa bado mbichi, akakaa chini.

Nilipiga magoti. "Mama, nenda kwanza kwa baba, halafu ukae. Maji yanapanda."

"Sasa ndiyo nitoke? Zimebaki kumi na moja."

Baba mdogo alibembeleza, mkewe akalia, lakini wapi! Kila alfajiri nilisikia harage likidondoka kwenye bakuli, na kila asubuhi nilikwenda kwenye mawe kutazama chini. Siku ya nne vijiti vilikuwa vinatokeza ncha. Siku ya saba niliona mlonge mdogo tu, uliokuwa katikati ya makaburi. Siku ya tisa hata mlonge sikuuona. Sikumwambia. Ningemwambia kwa mdomo gani?

Eda ilipokwisha, safari hii kweli, aliteremka kabla ya kula, kabla ya kumsalimu mtu. Alipofika kwenye maji akasimama.

"Ni wapi?"

"Pale alipo yule mvuvi."

Alitazama sana. Kisha akapaza sauti, kwa adabu, kama anayeomba njia sokoni: "Baba, samahani, hebu sogea kidogo." Yule mvuvi hakuelewa, lakini alimwona alivyo, akavuta wavu wake akasogea. Mama akafungua viganja, akawasalimu wafu, akasoma Fatiha mpaka mwisho bila kukosea. Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira.

"Ulisema haendi popote," akasema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna aliyemwita tena Mwislamu wa pilau. Nilimwokoa, najua, na bado inaniuma kuliko kifo cha baba. Samaki hakugusa tena mpaka anafariki. Alikula maharage, na kila nilipoyachambua alikaa karibu, akiitazama mikono yangu.