Hata Mtoto Mchanga Anaogea

Mtengeneza sabuni wa nyuma ya stendi ya Ngara hakusalimii kabla hajakusogezea kipande puani. "Nusa, mama. Mawese na alovera, hata mtoto mchanga anaogea." Scholastika, jirani yake, humtazama kila asubuhi na kumdharau upya: koti jeupe la mtumba kama daktari, glavu zinazopanda hadi viwikoni. Sabuni ya kuachwa wiki kadhaa iishe ukali, yeye huikata ingali vuguvugu, akaifunga nailoni, akaibusu kama mwanawe. Wateja wakirudi na ngozi inayobanduka, huwaambia kwa ile sauti yake ya asali, "Huo ni uchafu wa zamani unatoka."

Juzi mkewe alijifungua. Scholastika akaenda kumpongeza, akaomba kumwogesha mtoto kama wafanyavyo kina mama wakubwa. Maji yalipokuwa tayari, akafungua upindo wa kanga, akatoa kipande alichonunua kwa huyohuyo baba mtoto. Jamaa aliruka kutoka mlangoni, akampokonya kwa mikono mitupu.

"Mama, hapana! Hiyo ni ya kuuza."