Lango la Nyuma

Juzi waya wa umeme uliungua kwenye ofisi ya jirani, hapa mtaani Rohero. Niliposikia ile harufu nilikuwa nje kabla sijafikiri. Wenzangu walicheka.

Nilipokuwa mtoto, moto ulizuka shuleni kwetu. Ulianzia stoo, karibu na lango kubwa, na moshi mweusi, mchungu ulimini, ukaziba njia hiyo. Mwalimu wetu, mwanamke mwembamba tuliyemwita Madamu, alitukimbiza hadi lango la nyuma. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Mkurugenzi wa shule alikuwa amelifunga ili tusitoroke, na sasa alisimama mbele yake, ufunguo mfukoni.

"Apana," alisema. "Nikifungula watakimbia wote. Moto ni kidogo. Murudi darasani!"

"Darasani wapi? Hauoni moshi? Fungula, Direkteri, batoto watakufa!" Madamu alifoka.

"Mi ndiye direkteri hapa. We ni nani?"

Madamu aliokota jiwe akaanza kupiga kufuli, huku sisi tukikohoa na kusukumana nyuma yake, na mkurugenzi akimvuta bega na kumtukana. Jiwe lilimchana kiganja. Aliendelea kupiga mpaka kufuli likaachia, tukamwagika barabarani, sote wazima, sare zetu zimejaa masizi.

Baadaye wakaguzi walikuja kutazama kuta zilizoungua. Mkurugenzi akawaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyotutoa, kwa utulivu, bila mtoto kuumia. Madamu alisimama nyuma yetu, mkono umefungwa bendeji. Kisha mkurugenzi akatuamuru tupige makofi. Tukapiga, maana alikuwa akitutazama mmoja mmoja.