Fimbo ya Kidimbwini

Baba alikuwa na fimbo ya mkoko ambayo hakuitumia kutembelea. Tulikaa Shimoni, na chewa aliowavua kwa mshipi aliwafuga hai katika kidimbwi cha mawe, akimngoja mnunuzi wa hoteli za Diani. Chewa aliyechanwa na ndoana, akishatulia, hujisugua mdomo kwenye kokoto. Anasugua na kusugua mpaka wewe unayemtazama mdomo unakuwasha. Mnunuzi hakutaka samaki wa namna hiyo. Basi gari lake likisikika, baba aliyakoroga maji kwa fimbo, na wale chewa kwa hofu wakaisahau midomo yao, wakaogelea kama wazima.

"Mwenye hofu hana kidonda," baba alikuwa akisema, na sote tulicheka.

Mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipofukuzwa Ukunda, shemeji yangu alifika kwetu kwa miguu, peke yake. Alikuwa seremala, mtu wa bara aliyemwoa dada yangu. Waliowafukuza walimpiga rungu ubavuni, na katika kukimbia alipotezana na dada, naye ana mimba kubwa. Mama alimbonyeza ubavu.

"Siumwi, mama," alisema. "Mimi nataka kujua mke wangu yuko wapi."

Mama alisema apelekwe hospitali Msambweni. Baba akasema njia haipitiki kwa salama, na mwenyewe haumwi. Kutwa shemeji hakuketi. Alitupasulia kuni, akatengeneza mlango wetu uliolegea, huku macho yako njiani. Tukamsifu kwamba watu wa bara ni wagumu. Nikikumbuka sifa zile nasikia hasira mpaka leo. Tuliomsifu ni sisi, wenye fimbo!

Kesho yake alasiri jirani alikuja na habari: dada yuko Ramisi kwa shangazi, mzima, na mimba yake salama. Shemeji alimshukuru Mungu, akaketi chini, akalia. Alikunywa uji. Kisha akaegemea ukuta, akaanza kuusugua ubavu wake kwenye udongo, polepole, huku na huku, na jasho likimtoka.

Nilimtazama baba. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Tulipata pikapu ya kukodi, tumkimbize Msambweni. Njia nzima alikuwa akipiga kelele, yeye ambaye jana alipasua kuni. Hatukuwahi hata kufika Ramisi.

Matangani dada alikuwa na swali moja tu.

"Baba, aliteseka?"

"La, mwanangu," alisema baba, akamshika mkono. "Wallahi, mpaka tulipopata habari zako hakusikia maumivu hata kidogo."

Maskini baba, alidhani anamfariji. Dada aliutoa mkono wake, akauweka juu ya tumbo.