Water block niliyochagua, na maji ya chemchemi aliyoniletea Tata

Wakuu, salamu kutoka Ogembo. Mvua inanyesha na stima bado iko, kwa hivyo niandike haraka.

Nimesoma nyuzi nyingi hapa za watu wakiuliza wanunue water block gani, nikapita bila kusema kitu. Leo niseme yangu. Sijaongeza chumvi, na si ya kuchekesha.

Mimi ni mtu wa kuhariri video. Harusi, mazishi, kwaya za kanisa.

Tata, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, alipatikana na uvimbe kwenye koo. Daktari hakuzunguka: atapona, lakini wakiutoa, sauti nayo inaenda. Hataongea tena.

Mzee akaamua aseme yote kabla ya upasuaji. Ukoo wetu, watu wetu, tulikopitia hadi tukafika Magwagwa. Mimi nirekodi. Sharti lake likawa moja: aione video ikiwa imekamilika angali na sauti, ili palipo na kosa arekebishe kwa mdomo wake mwenyewe.

Shida ilikuwa kompyuta yangu. Processor ilichemka kila nikianza kazi nzito, na feni ilipiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Sauti ya Tata ilikuwa imebaki mnong'ono. Sasa mnong'ono utausafishaje ukiwa umekaa kando ya posho mill?

Nikaamua kupoza kwa maji. Kwa wageni humu: water block ni kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya processor. Maji yanapita ndani yake, yanabeba joto, yanaenda kupoa kwenye rejeta, halafu pampu inayarudisha.

Duka moja Kisii mjini lilikuwa na aina mbili. Ya kwanza njia zake za ndani ni pana kidogo na kifuniko ni cha skrubu. Ya pili njia ni nyembamba kama meno ya kitana, imezibwa kiwandani, haifunguki. Reviews zote zilisifu ya pili. Mama Zuhura mwenye duka naye akasema, "Chukua hiyo, vijana wa game hawataki nyingine." Nilijiuliza, na ikiziba? Nikajijibu kwamba nikiweka distilled water pekee, yale maji yasiyo na uchafu wala madini, hakuna cha kuziba. Nikabeba ya pili.

Nilienda kuifungia nyumbani Magwagwa kwa sababu Tata alitaka kuona. Chupa ya distilled ilikuwa mezani. Nikiwa nakaza paipu, mzee akatokea na jagi. Alikuwa ameshuka mwenyewe hadi chemchemi yetu, chini ya shamba, akapanda kilima na ule ugonjwa wake.

"Weka haya," akasema. "Hayo ya dukani hujui yametoka wapi."

Kwetu mzazi mgonjwa akikuletea kitu kwa mikono miwili, unakipokea kwa mikono miwili. Niliyamimina. Kwa macho yalikuwa safi kabisa. Tata akaweka kiganja juu ya kasha, akasikiliza ule ukimya, akatabasamu.

Tukarekodi wiki kadhaa, kazi ikaenda vizuri. Halafu joto likaanza kupanda kidogo kidogo. Nikalaumu pampu. Nikabadilisha paste, ile ya kupitisha joto kati ya processor na block. Siku ya Tata kwenda hospitali, nikiwa natoa video nzima, mashine ikazima. Nikawasha, ikazima tena.

Tata alikuwa kwenye kiti chake, ameshavaa koti la safari. "Basi," akasema, "nitaiona nikirudi."

Sijaisikia sauti yake tena.

Fundi wa vyuma hapa Ogembo aliikata ile block. Ndani mlikuwa mmejaa tope laini la kahawia na ukoga. Udongo wa kwetu. Nililia pale pale, na sioni aibu kuwaambia.

Nikanunua ile ya skrubu, nikaweka distilled, video ikatoka.

Tata aliporudi tuliitazama pamoja sebuleni, mimi, yeye na Mama. Alikuwa akifuata maneno yake kwa midomo. Alipofika pa kutaja ndugu zake, akainua mkono, nikasimamisha. Mdomo wake ulisema kitu, hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Machozi yakamlengalenga.

Mama ndiye aliyeelewa. "Nyaboke," akasema. Dada yake Tata, aliyekufa akiwa msichana. Tata alikuwa amemsahau kwenye orodha, na mimi sikuwahi hata kulisikia jina hilo. Nikamrekodi Mama akilitaja, na sasa katikati ya sauti ya Tata kuna neno moja kwa sauti ya Mama.

Kwa hivyo unayeuliza: nunua block inayofunguka, yenye njia pana, hata kama inapoza kidogo chini ya ile inayosifiwa. Weka distilled, basi. Wahenga walisema heshima si utumwa. Mimi niliisikia tangu utotoni, nikaielewa nikiwa na tope mkononi.

Wenye wazazi kama wangu, nyinyi mngemwambiaje? Andikeni hapa chini, nitasoma zote.

Tata mwenyewe nilimweleza baadaye habari ya yale maji. Akaomba simu yangu, akaandika polepole kwa kidole kimoja: "Si ungeniambia tu. Ningeyanywa."