Kiapo Kisicho na Kafara

Mjukuu wangu ana pasi ya Marekani kwa sababu alizaliwa huko, wazee wake walipokuwa wanasoma. Sisi wengine ni watu wa Unguja, tunakaa hapa Al Nahda, huku Uarabuni, na mimi shule niliachia darasa la tatu, basi nisamehewe nikichanganya mambo.

Jumapili aliniwekea karatasi mbili mezani, pembeni ya chai yangu. Anataka kuwa afisa wa jeshi la Marekani.

"Babu, njia ni mbili," akasema. "Moja chuo cha jeshi chenyewe, miaka minne, unalala huko huko, gwanda mwilini tangu alfajiri. Nyingine chuo kikuu cha kawaida, mafunzo ya jeshi siku chache kwa wiki, na jeshi linakulipia masomo. Mwisho wake cheo ni kimoja."

"Basi mchumba wangu, shika hiyo ya pili. Ukichoka unatoka."

Sikumwambia kwa nini. Miaka mingi nilikuwa mlinzi wa ghala kule Al Qusais, na mwenzangu wa zamu alipata kuwa askari kwao. Mtu mpole, mwenye maskhara, kila siku ananibakishia nusu ya chapati yake. Siku moja forklifti ikaangusha mzigo. Akajitupa chini ya meza yetu, akaziba masikio, chai ikapoa hajatoka. Tangu hapo nikisikia neno jeshi naona soli za viatu vyake. Siku hizi naona za mjukuu wangu.

Halafu kuna kiapo wanachoapishwa askari. Kwetu ukiapa ukavunja, unalisha maskini kumi, ukishindwa unafunga siku tatu. Nikamwuliza, "Na hiki cha kwao, kafara yake nini?"

"Babu, jeshi halipokei saumu zako."

Mama yake, ndiye binti yangu, akacheka jikoni. Kisha akaja mlangoni kusikiliza, kisu mkononi, nikajua na yeye anaogopa.

Nikamwambia mjukuu anisomee pale panaposema mtu anashikwa lini. Akasoma taratibu. Chuo cha jeshi, miaka miwili ya kwanza waweza kuondoka, hakuna anayekudai. Chuo kikuu cha kulipiwa na jeshi, mwaka mmoja tu. Ukiingia wa pili, khalas, wewe wao. Nikamwomba arudie. Akarudia, maneno ni yale yale. Kumbe nilikuwa namsukuma kwenye mlango unaofungwa mapema.

"Basi nenda huko kwenye gwanda," nikasema, na sauti yangu sikuipenda. "Kwa ajili ya hiyo miaka miwili."

"Nilishaamua huko, Babu. Ila sendi ili nitoke."

Akazikunja karatasi zake akaenda kumsaidia mama yake kukatakata vitunguu.

Kesho yake nikaanza kufunga. Najua kafara ni ya kiapo kilichovunjwa, na mtoto hata kuapa hajaapa. Leo ni siku ya tatu. Binti yangu ameuliza mbona chai yangu imelala. Nimemwambia ni tumbo.